Viti Vinavyopeana Mgongo

Homa Bay,
14 Januari 2025

Kwa Mama,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa na nguvu na kuku wako wakiendelea kutaga. Sisi huku tu wazima. Bravin amerudi shule, yuko kidato cha tatu sasa, na Damaris yuko na duka lake la vitambaa kama kawaida.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Miaka kumi na tisa nimekuwa mkwe wako na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Salamu zangu huzipitisha kwa Damaris. Simu nayo unajua ilivyo: nikiipokea na kusikia ni wewe, nasema habari ya huko, kisha namkimbizia mwenye mama. Nimeona afadhali karatasi, maana karatasi hainiangalii usoni.

Ni kuhusu macho. Damaris ameniambia yule daktari aliyekuja kupima watu hapo Migori mwezi wa kumi na mbili alikuta mtoto wa jicho pande zote mbili, na kwamba la kulia halina muda wa kungoja. Alikupa karatasi ya kuja kliniki ya macho hapa Homa Bay ufanyiwe upasuaji. Damaris anasema umekataa mara tatu, na mara ya mwisho ukamkatia simu. Alilia jikoni akidhani simsikii.

Mama, kama shida ni mahali pa kulala, hilo tumelifikiria. Hakuna anayekuomba uvunje heshima ya ukwe ulale nyumbani kwangu. Yuko mjane mmoja wa kanisa la Damaris anayeishi karibu na hospitali, ana chumba cha wageni. Na kama shida ni njia, nitatuma gari likuchukue mlangoni kwako na likushushe mlangoni pa kliniki. Hutakanyaga hata vumbi la Homa Bay.

Mimi mwenyewe nina kazi ambayo ingekufurahisha. Kuna kamati ya wafanyabiashara na makanisa hapa mjini ambayo imeamua kwamba mzee aweze kutembea katika mji huu bila kuteseka. Wamenichukua mimi kuwa fundi wao. Tunaanza na ile njia ya kupanda kutoka steji ya matatu hadi hospitali.

Tafadhali lifikirie tena jambo la jicho.

Mkwe wako,
Nicanor Odoyo


Migori,
27 Januari 2025

Baba Bravin,

Barua yako imefika kwa paseli. Nimeisoma dirishani, pua ikikaribia kugusa karatasi. Una mwandiko mzuri. Sikuutarajia kwa mtu anayeshinda akichomelea vyuma.

Gari lako usilitume. Nilikuwa mkunga wa zahanati miaka thelathini na minne, na kila mtoto niliyemzalisha nje ya zahanati nilimfikia kwa miguu hii. Sitaki kushushwa mlangoni kama gunia la mahindi, watu wamesimama wanaangalia ni nini kimeletwa.

Sasa nitakwambia jambo ambalo Damaris halijui, na wewe hutamwambia. Unakumbuka mwaka jana alipolazwa kwa malaria? Nilikuja kumwona. Nilishuka steji nikaanza kupanda huo mwinuko wenu. Nilipofika katikati, goti likakataa. Nikatafuta pa kuketi, sikuona kitu. Kulikuwa na jiwe nje ya duka moja la betri na tochi, nikaketi hapo, chini kabisa, miguu imenyooka mbele. Leso ilikuwa imenidondoka kichwani, nimejaa vumbi, napumua kwa mdomo. Nilikuwa nimeweka mkono juu ya goti, kiganja kimeangalia juu. Mwenye duka akatoka, kijana mwenye adabu sana, akaniwekea shilingi kumi kiganjani. Akasema, "Chukua, mathe. Mungu ni mwema."

Nikamwambia asante. Sikuwa na pumzi ya kusema kitu kingine. Damaris aliponiuliza mbona nimechelewa, nikasema gari liliharibika Rongo. Ile kumi ningali nayo. Iko kwenye kopo la vifungo, na kila nikitafuta kifungo naigusa, na kila nikiigusa naona aibu upya.

Kwa hiyo sikiliza. Upasuaji siuogopi, nimeshika wembe mara nyingi kuliko huyo daktari. Siku nitakapoweza kutoka steji hadi mlango wa kliniki kwa miguu yangu, nikipumzika mahali panapostahili mtu mzima, nitakuja. Kabla ya hapo, macho haya yatabaki yalivyo.

Ni mimi,
Priscilla Nyamoita, Mama Damaris


Homa Bay,
3 Machi 2025

Mama,

Sikukujibu mapema kwa sababu nilitaka jibu liwe la chuma.

Viti viko tayari! Nimetengeneza mabenchi matano, nimeyapanga kutoka steji hadi lango la hospitali. Kila benchi lina urefu wa mita tatu, watu sita wanaketi bila kubanana. Nimetumia bomba nzito na mbao za mkaratusi nilizopiga randa mwenyewe, na juu nimeweka kipande cha mabati kwa ajili ya jua na mvua. Yote yanaangalia barabara, mtu aone wapita njia asichoke kwa upweke. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Bichage, alikata utepe. Wazee walioalikwa waliketi wote, wakapiga makofi, wakasema ni mazuri sana.

Lile jambo la duka la betri sijamwambia mtu. Nilipita hapo. Lile jiwe bado lipo. Nilisimama kidogo nikaliangalia, nikakasirika, na sijui nilimkasirikia nani.

Njia iko wazi sasa, Mama. Sema siku tu.

Nicanor


Homa Bay,
28 Machi 2025

Mama,

Hujajibu, na Damaris anasema kwenye simu unaongea maneno mawili unakata. Nikafikiri labda umesikia habari za mabenchi yangu kwa watu. Kama hujasikia, afadhali uzisikie kwangu.

Wazee hawayaketii. Nimeshinda hapo siku nne nikiangalia. Mama mzee anapanda mwinuko, anafika kwenye benchi, anashika nguzo ya mabati, anapumua, anaendelea. Mwingine anaenda kuketi ukingoni mwa mtaro, nyuma ya kibanda cha mchuuzi wa viazi, wakati benchi liko wazi hatua kumi kutoka hapo! Nimewauliza. Wananijibu kwa upole, "Ni mazuri, fundi, ero kamano, asante." Kisha hawaketi.

Walioketi ni vijana wa boda boda. Jana mmoja alikuwa amelala chali, kofia juu ya uso. Nilipomwamsha akaniambia, "Mzee, hii benchi ni yetu sasa. Wazee wenyewe hawataki, ama tuwalazimishe?"

Bwana Bichage anasema kamati ikikutana mwisho wa Mei, kama hali ni hiyo, mabenchi yang'olewe na vyuma vitengeneze uzio wa soko. Nimechoka. Nilidhani najua kazi yangu.

Nicanor


Migori,
10 Aprili 2025

Baba Bravin,

Usishangae mwandiko umebadilika. Anayeandika ni Eucabeth Bonareri, jirani yangu fundi wa nguo, kwa sababu nimepumzisha macho. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asipambe maneno.

Habari za mabenchi nimezipata kwako tu, na sikucheka. Nilicheka kidogo. Hebu nijibu haya kabla sijasema kitu. Wale wazee walioketi siku ya utepe, waliketi wanaume upande wao na wanawake upande wao, au walichanganyika? Hilo benchi lina mahali pa kushika wakati wa kuinuka? Nauliza kwa sababu kuketi hata mtoto anaweza. Kwetu sisi kazi iko kwenye kuinuka. Na hiyo njia ya hospitali, nani anaipita? Ni wageni, au ni watu wanaojuana, waliooleana?

Jibu hilo la mwisho kwa makini.

Priscilla Nyamoita

Fundi Nicanor, huyu sasa ni mimi Eucabeth. Mama ameenda kufungia kuku, naandika haraka. Hajapumzisha macho. Alianguka kwenye mtaro nje ya lango mwezi uliopita kwa sababu hakuuona. Mkono wa kulia umevunjika kifundoni, una plasta. Ndiyo maana hakuandika na ndiyo maana kwenye simu anakata. Goti moja alilichubua pia. Ameniapisha nisiseme na nimesema. Jicho la kulia sasa linaona mwanga tu. Mtafanya mnavyoona.


Homa Bay,
15 Aprili 2025

Mama,

Nimemwambia Damaris kuhusu mtaro. Nakuandikia mwenyewe ili usiniwazie nimejificha nyuma yake. Nilikaa na ile barua siku nzima mfukoni, jioni nikashindwa. Yeye ni mtoto wako. Amepanda gari leo asubuhi na huenda atafika kabla ya karatasi hii. La sarafu sijalisema, wala sitalisema.

Usimgombeze Eucabeth.

Maswali yako: siku ya utepe, wanaume waliketi mabenchi mawili ya chini na wanawake mawili ya juu. La katikati lilibaki tupu, na mimi nilidhani ni kwa sababu ya jua. Mahali pa kushika wakati wa kuinuka hakuna. Na njia ya hospitali inapitwa na kila mtu: Kendu Bay, Sindo, Rusinga, wote wakiugua wanaletwa hapa, na wote wanajuana na wameoleana mpaka huwezi kutukana mtu bila kumtukana shemeji yako.

Bado sioni ni nini ulichokuwa ukinionyesha.

Nicanor


Migori,
29 Aprili 2025

Bwana Nicanor,

Nimemwambia Eucabeth aandike Bwana, na ameandika.

Damaris amekaa hapa siku tisa. Ameosha kila kitu nyumbani, mpaka vitu ambavyo havikuwa vichafu. Amelia, amenilisha uji kama mgonjwa, ameniuliza mara ishirini kama nitauza nyumba nihamie Homa Bay. Nyumba hii tuliijenga mimi na baba yake, tofali kwa tofali, na ninaijua gizani. Ninaweza kukwambia kila kitu kilipo nikiwa nimefumba macho, jambo ambalo ni la bahati. Nilikukasirikia sana. Nilimwambia Eucabeth pia kwamba simjui, lakini asubuhi alileta chai na ikabidi nimjue.

Hasira imeisha juzi. Nilijiuliza, ningekuwa mimi, na Damaris ndiye ameanguka, nikanyamaziwa? Ningekulaani. Kwa hiyo tuache hapo. Umerudi kuwa Baba Bravin.

Sasa benchi. Wewe kweli huoni? Nataka ufikirie hivi. Mimi nimepanda huo mwinuko wenu, goti linawaka moto. Nafika kwenye benchi lako refu zuri. Na wewe, Nicanor Odoyo, mume wa binti yangu, umeketi upande wa pili wa benchi hilo hilo. Mimi niketi wapi?

Miaka kumi na tisa hatujawahi kuketi kiti kimoja. Siku ya arusi uliponiona mlangoni ulipitia dirishani, nusura uvunje kioo. Na ukaenda kutengeneza benchi la watu sita, katika mji ambao kila mtu ni mkwe wa mtu! Mama mzee akiona benchi lina mwanamume hata mmoja, hajui ni nani mpaka amkaribie, na macho yenyewe ndiyo haya. Akimkaribia na kukuta ni mkwe wake, ni aibu kwa wote wawili. Hata benchi likiwa tupu, anaogopa akiketi atakuja mmoja aketi ubavuni. Kwa hiyo anashika nguzo na kuendelea, au anajificha nyuma ya viazi. Na hawezi kukwambia, kwa sababu wewe pia huenda ni mkwe wa mtu wake. Vijana wenu siku hizi hawajali, lakini hukutengenezea vijana.

Likate. Tengeneza viti vya mtu mmoja mmoja. Vingine viangalie barabara, vingine viangalie ziwa, mgongo kwa mgongo. Mtu aketi bila kujua nani yuko nyuma yake, na akijua, asilazimike kumwangalia.

Nimekuwekea kamba mbili ndani ya bahasha. Ile ndefu: kutoka kwenye uzi mwekundu wa mwisho, ndio sakafu, hadi fundo la kwanza ni urefu wa kiti changu cha hapa nyumbani, ambacho goti langu halijawahi kulalamika nacho. Hadi fundo la pili ni mahali mkono unaposhika ili mwili uinuke. Nilipima kwa kupapasa na Eucabeth akafunga mafundo. Ile fupi ni hatua yangu moja. Usipime njia kwa hatua zako, wewe una miguu ya korongo. Nikitembea hatua mia mbili goti linaanza kuongea. Kwa mia mbili na hamsini linapiga kelele.

Priscilla Nyamoita


Homa Bay,
2 Juni 2025

Mama,

Niliposoma barua yako nilikuwa karakana. Nikaketi chini, juu ya sakafu yenye vumbi la chuma, nikacheka mpaka nikatokwa na machozi, halafu yakawa machozi ya kweli. Mimi! Ambaye nilipita dirishani! Nilijua kila kitu kuhusu bomba na mbao, na hilo moja nililolala nalo na kuamka nalo miaka kumi na tisa sikulipeleka kazini.

Nimekata yote. Hakuna chuma kipya kilichonunuliwa isipokuwa cha mikono ya viti. Kamba yako ndefu imening'inia ukutani na kila kiti kimepimwa kwayo, fundo la kwanza na fundo la pili. Kile cha kwanza nilikijaribu mwenyewe nikashangaa. Kumbe hata mimi huwa nainuka kwa shida, ila nilikuwa sijatambua.

Kamba fupi niliitembeza barabarani nikiwa nimepiga magoti, kutoka steji hadi kwenye lango. Watu walidhani nimepoteza pete. Mia mbili, alama. Mia mbili, alama. Imekuwa vituo sita, kila kituo viti vinne, viwili viwili mgongo kwa mgongo. Kituo cha tatu kimeangukia pale pale kwenye duka la betri, sikukisogeza hata inchi. Mwenye duka alinisaidia kung'oa lile jiwe. Akasema limekuwa likimsumbua tangu afungue duka.

Bwana Bichage alikuja na kamati kuangalia. Akazunguka kituo cha kwanza mara mbili. "Fundi, hii ni design gani sasa? Watu wamenuniana?" Nikamwambia, mwenyekiti, ngoja. Tulingoja nusu saa kwenye veranda ya duka la vyombo. Akaja mama mmoja mzee na fimbo, akaangalia, akaketi upande wa ziwa. Akashika mkono wa kiti, akajaribu kuinuka, akaketi tena. Baadaye akaja mwanamume wa umri wangu na mfuko wa dawa, akamwona, akasita. Akazunguka, akaketi upande wa barabara. Halafu yule mama akasema, akiwa ameangalia ziwa, "Ng'ombe yule alizaa?" Na mwanamume akiwa ameangalia barabara akajibu, "Alizaa, Mama. Ndama jike."

Bwana Bichage alivua kofia. Uzio wa soko utatengenezwa na vyuma vingine.

Njia iko tayari, na safari hii nasema nikijua ninachosema. Kliniki imetoa nafasi tarehe 24 mwezi huu. Mjane wa kanisani amekutandikia kitanda. Damaris atakungoja mlangoni pa kliniki, kwa sababu nimemwambia ukimkuta steji utarudi Migori.

Lakini tarehe ni yako kusema ndiyo. Sitakusukuma tena.

Nicanor


Migori,
12 Juni 2025

Fundi Nicanor,

Ni Eucabeth. Mama ameniamuru niandike mstari mmoja tu: Ndiyo.

Ninaongeza yangu. Plasta imetoka. Amekataa nimsindikize, amekubali tu nimpandishe gari hapa na kumwambia dereva amshushe steji. Leso amenunua mpya. Jana alinituma nimtafutie kopo la vifungo, akachukua kitu ndani akakifunga kwenye ncha ya leso. Nilipouliza akasema ni dawa ya aibu. Sijaelewa, labda wewe unaelewa.

Naomba uwe karibu, lakini asikuone.

E. Bonareri


Migori,
6 Julai 2025

Baba Bravin,

Ni mimi, kwa mkono wangu. Mkono unatetemeka kidogo na jicho moja linafanya kazi ya mawili, lakini mistari naiona. Naona hata wino ulipochafuka.

Unajua mengi ya siku ile, lakini si yote, kwa hiyo nakuandikia.

Kituo cha kwanza niliketi kwa ajili ya kujaribu tu, goti lilikuwa halijaongea. Nilipokaa, mwili ulitambua kabla yangu. Ni kiti changu cha nyumbani! Nilipapasa nikatafuta mkono wa kiti, ukawa pale pale ambapo mkono wangu unakwenda wenyewe. Niliona haya kulia barabarani, nikajifanya nafunga leso.

Kituo cha tatu nilifika nimechoka kweli. Nikaketi upande wa ziwa, ambalo nililiona kama mwanga tu. Nikasikia mtu amekuja akaketi nyuma yangu taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nikanusa chuma kilichochomwa. Nikangoja nione utafanya nini. Ukakohoa. Ukanisalimu, "Oyawore, Mama." Nikaitikia, "Oyawore." Ukauliza mvua ya Migori, nikakwambia. Nikauliza kama Bravin anasoma au anacheza, ukasema anacheza. Tuliongea kama robo saa, Nicanor. Katika miaka kumi na tisa hatujawahi kuongea robo saa. Sauti yako ni nzito kuliko nilivyodhani, na una mzaha, kitu ambacho Damaris hajawahi kuniambia. Nilifurahi sana. Nalisema wazi kwa sababu pale nilishindwa kulisema.

Ulipoondoka niliingia kwenye duka la betri. Nikafungua ncha ya leso, nikaweka ile kumi juu ya meza, nikaomba kiberiti. Yule kijana akanipa, akasema, "Karibu tena, mathe." Hakunikumbuka. Ni sawa. Nilikuwa mteja.

Upasuaji ulikuwa mfupi kuliko maombi ya Damaris. Kesho yake walifungua bandeji. Damaris alitaka kunishika mkono tukishuka, nikamwambia atangulie steji akashike kiti cha gari. Nikashuka peke yangu, pole pole, nikiangalia kila kitu. Sikujua mabati ya mji wenu yana rangi nyingi hivyo. Kituo cha tatu nikapumzika tena, nikaona ziwa, maji yenyewe. Na tena ukaja ukaketi nyuma yangu, ukasema, "Umeonaje, Mama?"

Sasa nitakiri. Niligeuka. Najua haifai, na nilikuwa na umri wa kutosha kujizuia. Niligeuka kidogo tu nikakuangalia, wewe ukiwa umeangalia barabara na hukujua. Sikuona uso wako, kwa hiyo heshima yetu haijavunjika sana. Niliona kisogo.

Una mvi, mwanangu. Nyingi, kutoka shingoni hadi utosini, na katikati nywele zimeanza kuondoka. Miaka yote hii nilikuwa nikiwaza ni yule kijana mwembamba aliyepita dirishani, na hata barua zako nilizisikia kwa sauti ya kijana. Kumbe tumezeeka sote, wewe uko nyuma yangu hatua chache tu. Hivyo viti ulivyovipima kwa goti langu, vitunze. Vipake rangi kila mwaka. Hutangoja sana kabla ya kuvihitaji mwenyewe, na nataka uvikute vizima.

Jicho la kushoto ni tarehe 9 Septemba. Nitakuwa kituo cha tatu saa nne asubuhi, upande wa ziwa. Uje na kofia. Jua la huko ni kali, na nimeona kwa jicho langu kwamba hapo juu huna tena kinga.

Mama yako,
Priscilla Nyamoita